Kadi Hufuata Gari

Wiki iliyopita mliniacha mezani kwangu ofisini, simu sikioni, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimefungwa bandeji, nikimsikiliza shemeji yangu akipigwa.

Kwa mliochelewa nitasema kwa kifupi, maana habari yenyewe haina utamu wa kurudiwa.

Mimi ndiye niliyesimamia kadi za mafuta katika kampuni ya kusambaza mizigo. Magari ishirini na mbili, kadi ishirini na mbili, namba za siri ishirini na mbili, na kichwa kimoja cha kuzitunza zote. Madereva waliniita Bwana Kadi. Mmoja wao, dereva wa gari namba kumi na saba, walimwita Taratibu kwa sababu hajawahi kupaza sauti tangu tumjue. Nilipogundua kwamba gari lake lenye tangi la lita themanini linakunywa lita mia na arobaini kwa mkupuo mmoja, nilimwita. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza habari za watoto, kisha akaviweka vidole vyangu kwenye droo na kuifunga kwa goti.

"Taratibu, Bwana Kadi," aliniambia. "Utaumia."

Nilinyamaza siku tisa. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, nikapiga moyo konde, nikaingia kwenye kompyuta na kuifunga kadi ya kumi na saba. Saa nne na dakika ishirini shemeji akanipigia.

"Shemeji, niko kituo cha mafuta. Wameshajaza, mashine imeikataa kadi. Imetoa karatasi. Hebu ngoja nisome. Imeandika kadi ya wizi, mshike aliyenayo. Ndiyo nini hii?"

Halafu nikasikia kofi. Hapo ndipo tulipoachana.

Kilichofuata hakikuwa kofi tena. Kilikuwa kitu kizito kinachotua kwenye nyama, na baada yake pumzi ya mtu aliyeshindwa hata kulia. Watu wakaanza kuitana. Neno "mwizi" nililisikia likitoka mdomo mmoja, kisha midomo mitano, kisha sikuweza tena kuhesabu.

"Muulizeni shemeji yangu," sauti yake ilitoka mbali, kama simu ilikuwa chini. "Yuko hewani hapo. Ndiye mwenye kadi. Muulizeni."

Simu ikakatika.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya hata kwa kukusudia.

Kadi za mafuta hazina jina la mtu. Zina namba ya gari. Gari likienda gereji, kadi yake inalala ofisini. Dereva akipewa gari lingine, anachukua na kadi ya gari hilo. Kadi hufuata gari, haimfuati mtu. Niliwakaririsha madereva maneno hayo mpaka wakawa wananiimbia wakiniona nakuja na chai yangu.

Asubuhi ya siku hiyo Taratibu alikuwa mapumzikoni. Gari la shemeji, namba tisa, lilikuwa gereji limeisha breki. Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu ule mzima, nilimkabidhi shemeji ufunguo wa kumi na saba pamoja na kadi yake. Tena nilimtania.

"Usilizoee hilo gari. Linakunywa kuliko mlevi siku ya mshahara."

Alicheka mpaka akashika mlango.

Baada ya muda wa saa tatu na nusu hasira zikanipanda kichwani. Nilikuwa namwona mtu, nikalisahau gari.

Na bado sijawaambia lote. Ukitaka kufunga kadi, kompyuta inakuuliza sababu. Ziko mbili. Ya kwanza ni kusimamisha kwa muda, na hiyo inataka idhini ya bosi. Bosi angeniuliza kwa nini nilinyamaza siku tisa. Ya pili ni kwamba kadi imeibiwa. Hiyo haitaki idhini ya mtu yeyote. Unabonyeza mara moja, kadi inakufa, na kila kituo cha mafuta kinapata amri ya kumshika atakayeileta.

Nilibonyeza ya pili. Nilimwaza Taratibu akishikwa ukosi mbele za watu, nikacheka peke yangu ofisini. Sitaki kuwaficha. Nilicheka.

Nikapiga simu kwa wenye kadi, kampuni ile inayotutengenezea. Dada mmoja mpole akapokea.

"Naomba mnifungulie kadi. Nimekosea sababu. Haikuibiwa."

"Pole sana, kaka. Kadi iliyoripotiwa wizi haifunguliwi. Tunatoa mpya baada ya siku saba za kazi."

"Dada, kuna mtu anapigwa."

"Anapigwa na nani, kaka?"

"Kwa sababu ya kadi. Futeni tu hilo neno kwenye mashine."

"Hilo neno halifutiki, kaka. Kuna jambo lingine ningeweza kukusaidia?"

Nilikuwa bado natafuta tusi la kumjibu nilipoona mlango unafunguliwa. Bosi wetu ni mama wa miaka hamsini na kitu, mnyoofu, hana mzaha na mtu. Alisimama mbele ya meza yangu na simu yake mkononi.

"Nimepata ujumbe. Kadi ya kumi na saba imeibiwa?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, mdomo ulikuwa wangu.

"Ndiyo, bosi. Nimeifunga mara moja."

"Imeibiwa na nani?"

"Bado nafuatilia."

Simu yangu ikaanza kulia juu ya meza, katikati yetu. Kwenye kioo imeandikwa Shemeji.

"Pokea," alisema bosi.

"Ni mambo ya nyumbani tu, bosi."

Nikaikata.

"Umefanya vizuri kuifunga haraka," akasema. Miaka sita nimefanya kazi pale, hajawahi kunisifu hata kwa kupanga viti. "Nataka nione lita zake za mwezi huu."

Simu ikalia tena. Nikaikata tena. Nilimfungulia bosi ukurasa wa lita, na alipokuwa anainama kusoma simu ikalia mara ya tatu. Safari hii niliigeuza kifudifudi na kuiacha itetemeke mpaka ikachoka.

Bosi alitoka baada ya dakika sita. Nilimpigia shemeji. Sauti nisiyoijua ikapokea.

"Nani?"

"Mpe simu mwenye simu."

"Mwenye simu hana nafasi. Wewe ndiye shemeji?"

"Ndiye mimi."

"Tumekupigia mara tatu utuambie kama unamjua. Alisema utapokea. Alituomba tukupigie tena na tena." Yule mtu akavuta pumzi, nilisikia watu wakikimbia nyuma yake. "Hukupokea. Sasa unapiga ya nini?"

Akakata.

Mjue huyo shemeji ni nani. Ni mdogo wake mke wangu, wa mwisho, wazazi wao walifariki akiwa hajaota meno ya mbele. Mke wangu alimlea, akakataa wachumba wawili kabla yangu kwa sababu hawakumtaka yule mtoto nyumbani. Nilipomposa, aliniwekea sharti moja tu: huyu ni wangu, ukinichukua unamchukua. Kazi ya udereva nilimtafutia mimi. Nilimpigia bosi magoti.

Nikatoka mbio, nikadaka pikipiki barabarani, nikamwambia dereva wake apite popote panapopitika. Alinikalisha vizuri, akanionya nishike kwa mikono miwili. Nilishika kwa mmoja na nusu.

Kituo chenyewe nakijua vizuri. Ni kile kilekile Taratibu alichokuwa akijazia lita zake mia na arobaini, pampu nne, duka dogo la vinywaji, na upande wa pili wa barabara kiwanja kitupu wanachotupia matairi mabovu. Nilipofika, gari namba kumi na saba lilikuwa limesimama kwenye pampu ya tatu, mlango wazi, redio inaimba. Watu walikuwa wamezunguka kitu chini.

Niliwapasua kwa viwiko.

Alikuwa amelala ubavu, mikono imefungwa nyuma kwa mpira wa upepo wa matairi. Shati la kampuni lilikuwa limechanika mpaka kiunoni. Jicho moja sikuliona kabisa, lilikuwa limefunikwa na uvimbe. Taya lilikaa upande. Fundi matairi mmoja, kijana mwenye mikono myeusi ya grisi, alikuwa anampiga mateke ya mbavu bila haraka, kwa zamu, akibadilisha mguu. Hakuonekana hata amekasirika.

"Acheni," nilisema. "Namjua. Ni dereva wetu."

Muuza mafuta, bwana mnene mwenye fulana nyekundu, akanigeukia na karatasi ya mashine mkononi.

"Wewe nani?"

"Natoka kampuni yenye gari."

"Ndiye uliyepigiwa?"

"Ndiye."

"Mbona hukupokea?"

Nikaitazama ile karatasi mkononi mwake.

"Haya," akasema, "kama ni dereva wenu, mashine inasema wizi kwa nini? Nani aliyeripoti?"

Watu wakasogea wasikie. Shemeji aligeuza lile jicho lake lililobaki akaniangalia. Jibu lilikuwa neno moja fupi, la kutamkwa na mtoto. Mimi. Ningelisema, wangemwacha. Ninalijua hilo leo na nililijua pale pale. Lakini niliitazama ile miguu ya fundi matairi, nikaiona inasubiri.

"Sijui," nikasema. "Labda mashine imekosea."

Ngumi iliyotua kwenye mdomo wangu sikumwona mwenyewe. Niliona jino langu tu, likiwa mbele yangu kwenye saruji, nikalishangaa kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Huyu ni mwenzake," mtu akasema. "Amekuja kumwokoa."

Kufumba na kufumbua nami nikawa chini. Waliniona cha kuchezea, nami nikakiona cha mtema kuni. Teke la mgongo, teke la tumbo, mtu akakanyaga ile bandeji kwa kisigino na kuzungusha. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Katikati ya yote nikaona muuza mafuta mwenyewe ameshika mkono wa pampu, anajaza dumu dogo la njano.

Hapo msimamizi wa kituo akatoka dukani anakimbia, mikono juu.

"Siyo hapa," akasema. "Mna akili kweli? Pampu zote zitalipuka. Wavusheni barabara."

Ndiye pekee aliyetutetea siku ile, na alikuwa anatetea pampu.

Walituvuta kwa miguu. Magari yalisimama kutupisha. Mama mmoja aliyeketi kiti cha mbele alifunga kioo. Kiwanjani walitutupa juu ya matairi mabovu, tukakaa bega kwa bega mimi na shemeji. Alijaribu kusema kitu, taya likamkatalia. Dumu lilikuwa limepokewa na kijana mrefu aliyevaa kofia ya sufu, naye akamwaga kwanza kwa shemeji. Petroli ikamwingia kwenye vidonda na mwili wake wote ukajinyonga. Kisha akanigeukia. Viatu vyangu vililowa, kisha suruali. Baridi ya petroli siijui namna ya kuisimulia. Nilianza kutubu kwa sauti, dhambi zote isipokuwa ile moja.

"Habari za mchana," mtu akasema nyuma yao.

Sikuhitaji kumwona.

Taratibu alikuwa amevaa kandambili na fulana ya nyumbani. Baadaye nilikuja kujua kwamba muuza mafuta, mshirika wake wa lita, alimpigia simu kumwambia gari lake limeletwa na mwizi, naye akaja kuangalia gari. Mkononi alikuwa na spana ya magurudumu, ile ndefu yenye umbo la msalaba, ameitoa nyuma ya kiti cha gari namba kumi na saba.

"Huyo mwenye shati la kampuni ni mwenzangu," akasema. "Gari nimempa mimi."

"Mashine imesema mwizi," akajibu mwenye dumu, akacheka. "Wewe nani wa kubishana na mashine?"

Taratibu hakubishana. Spana ilipanda na kushuka mara moja. Nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika, mlio mkavu, na dumu likaanguka likaanza kumwagika kwenye vumbi. Yule kijana alikaa chini akiutazama mkono wake unaoning'inia, bado hajaanza kulia.

"Nani ana kiberiti?" Taratibu aliuliza kwa upole.

Fundi matairi alikuwa ameficha mkono nyuma. Taratibu akamwendea, akasimama kandambili zake zikigusa vidole vya yule kijana, akanyoosha kiganja.

"Nipe, mwanangu."

Kijana akampa. Taratibu akakitia kiberiti mfukoni, kisha akampiga kwa spana kwenye goti, akaanguka.

"Hilo la mbavu za mwenzangu," akasema. "Mwingine?"

Watu walikumbuka kwamba wana kazi za kufanya. Dakika mbili hakubaki mtu kiwanjani isipokuwa wawili waliovunjika na sisi wawili tuliolowa. Taratibu alimbeba shemeji mikononi kama mtoto mchanga, akavuka naye barabara na kumlaza kwenye kiti cha mbele. Nilipotaka kumfuata, akanionyesha nyuma kwa kidole.

"Kaa na mizigo. Usinilowanishie kiti."

Hospitali walimpokea kwa machela. Mbavu tatu, taya, na ndani damu inavuja. Daktari alisema bandama imepasuka, lazima afunguliwe leo hii, nao wanamsubiri mpasuaji afike. Walituvua nguo zenye petroli. Mimi nilipewa shuka na kipande cha pamba cha kuziba pengo la jino.

Mke wangu alifika saa saba, kandambili moja ya kijani na nyingine nyeusi. Alimwona mdogo wake kupitia kioo cha mlango, akateleza ukutani mpaka chini. Nilipomwinua alinishika uso.

"Na wewe wamekupiga, Baba Pacha. Ulikwenda kumwokoa ukapigwa na wewe."

Nilijiona mchafu kuliko ile shuka.

Alipoambiwa aliyetutoa ni nani, alimwendea Taratibu kwenye benchi, akapiga magoti, akashika zile kandambili zake.

"Kaka yangu, nitakulipa nini mimi."

"Inuka, dada," alisema Taratibu. "Usinipigie magoti mimi. Sistahili." Akanitupia jicho. "Bwana Kadi, nisindikize chooni."

Nilikwenda, ningefanyaje. Alifunga mlango kwa komeo, akafungua bomba ili maji yapige kelele, kisha akanishika kisogo na kunigonga paji la uso kwenye vigae. Mara moja. Alinisubiri niache kuyumba, akanigonga ya pili.

"Muuza mafuta amenionyesha karatasi, na ameniambia ulivyomjibu," akasema. "Chini kabisa, kwa herufi ndogo, mashine inaandika na jina la aliyefunga kadi. Jina ni lako."

"Ndiyo."

"Ulitaka niwe mimi kwenye yale matairi."

Ningedanganya, lakini nilikuwa nimechoka, na damu ilikuwa inaniingia machoni.

"Ndiyo," nikasema. "Nilitaka uwe wewe."

Akanipiga ngumi ya tumbo, nikakaa juu ya sinki. Halafu akachota maji, akaniosha uso kwa kiganja chake, vizuri, kuzunguka macho.

"Mimi naiba dizeli," alisema. "Naiba nyingi, na hizo lita zako hujaziona hata nusu. Lakini sijawahi kumwambia mtu yeyote 'sijui' wakati ndugu yangu yuko chini anapigwa. Mwambie dada. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla hawajamwingiza huyo mtoto ndani. Usipomwambia wewe, namwambia mimi, na nikishamwambia nitakuja kukumalizia hayo meno."

Akafungua komeo.

Nilitoka nimekata shauri. Naapa mbele yenu nilikuwa nimekata shauri. Mke wangu alikuwa ameinamia magoti yake anasali, nikakaa kando yake, nikamshika bega.

"Mama Pacha, kuna jambo."

Akainua uso. Macho yamevimba, mekundu, hayanioni sawasawa.

"Jambo gani?"

Viatu vikasikika kwenye korido. Bosi, na nyuma yake askari mwenye daftari.

"Samahani, mama," bosi akamwambia mke wangu, "namwazima mumeo kidogo. Na pole kwa mgonjwa."

Alinipeleka kwenye meza ndogo karibu na dirisha, ile wanayoandikia wageni. Askari alisimama pembeni. Bosi akatoa karatasi mbili kwenye mkoba wake, moja tupu, moja imepigwa chapa.

"Polisi wanataka maelezo," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna watu wawili wamevunjwa mifupa, na mmoja wetu yuko mahututi. Wanauliza kama kadi iliibiwa au haikuibiwa."

"Bosi, ukweli ni kwamba..."

"Sikuulizi ukweli. Nakuuliza uliniambia nini saa nne na nusu."

Nikamtazama askari.

"Uliniambia imeibiwa. Kama iliibiwa, basi aliyekamatwa nayo ni mwizi, akipona atajibu mahakamani, na kampuni haihusiki. Kama haikuibiwa, mtu wa kampuni alitoa taarifa ya uongo kwa vituo vyote vya mafuta, na mfanyakazi mwenzake nusura achomwe. Huyo mtu atafungwa miaka mingi." Akaisogeza kalamu karibu na mkono wangu. "Una watoto wangapi?"

"Wawili, bosi. Mapacha."

"Saini hapo chini. Nimeshakuandikia."

Niliisoma. Ilikuwa imeandikwa vizuri, hakuna kosa hata moja. Ilisema kwamba dereva wa gari namba tisa aliichukua kadi ya kumi na saba bila idhini na bila kujulikana na ofisi. Jina la shemeji lilikuwa pale mara tatu, kamili, pamoja na la babu yake.

Nilimtazama mke wangu kule kwenye benchi. Alikuwa amesimama, daktari mwenye kofia ya kijani anazungumza naye. Taratibu alikuwa mlangoni, ameegemea ukuta, hesabu zake ziko palepale: ukweli, au meno. Nikafikiria gereza. Nikafikiria mapacha. Nikafikiria kwamba shemeji huenda asiamke, na kama hataamka, jina lake litamwuma nani.

Ndiyo, nililifikiria hilo. Nimeahidi kuwaambia yote.

Nikasaini.

Askari alikuwa anainama kuichukua karatasi nilipohisi mkono begani. Mke wangu. Alikuwa ameshika karatasi nyingine, imekunjwa mara nne na vidole vyake, na kalamu ya daktari.

"Mpasuaji amefika," alisema. "Wanataka ndugu asaini ndipo wamfungue, mkono wangu unatetemeka, siwezi hata..." Akaiona ile iliyo mbele yangu, na kalamu niliyoishika. "Kumbe wamekuletea ya kwako. Umeshasaini?"

"Nimesaini," nikasema. Sikujua nilichosema.

"Mungu akubariki, baba watoto." Akaivuta karatasi kutoka chini ya mkono wa askari kabla hajaishika, akaileta karibu na uso, akaisogeza mbali, akakaza macho. "Naona jina lake tu. Mengine yote ukungu, nimelia mno. Hebu nisomee. Nijue mdogo wangu wanamfanya nini."

Akaniwekea mkononi.

Bosi aligeukia dirisha. Askari aliangalia buti zake. Taratibu alikuwa ameshatoka pale ukutani na alikuwa anakuja, hatua kwa hatua, na kule nyuma yake machela ilikuwa inasubiri saini.

"Soma basi," mke wangu akasema. "Wanamsubiri."

Nikafungua mdomo.